Ini jipya bado liko maabara, usikubali kuuziwa

Kama unashinda mtandaoni, hii video huenda imeshakupitia. Jamaa amevaa koti jeupe, nyuma yake mashine zinawakawaka, sauti nzito inakuambia seli shina zinarekebisha ini lililooza, zinamaliza sirosisi, zinafukuza hadi kansa. Halafu namba ya simu. Ukishuka kwa maoni, kila mtu anauliza bei. Hakuna anayeuliza hiyo kitu imethibitishwa wapi.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe sikumaliza. Lakini kusoma hakuhitaji gauni la mahafali, na hii mada nimeisoma kwa sababu nimechoka kuona familia za mtaani zikichanga pesa kwa paybill, zingine zikiuza shamba, ndio mgonjwa apelekwe kwa tiba ambayo bado haijawa tiba.

Msimamo wangu ni huu. Utafiti wa seli shina kwa magonjwa ya ini ni wa kweli, na watu makini wanaufanya. Bado haujafika mahali pa kuuzwa. Na wakati sisi tunatazama hiyo video, silaha ya kuzuia kansa ya ini iko hapa tangu miaka ya 80, na kizazi chetu kilirukwa.

Ini linajua kukua tena, lakini lina masharti

Tuanze na ini lenyewe, maana hapo ndipo wakora wanapata mlango wa kuingilia. Wanakuambia ini hujikuza upya. Hapo hawadanganyi. Mwaka wa 1931, watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliwatoa panya theluthi mbili ya ini, na kilichobaki kikakua hadi kufikia ukubwa wa mwanzo ndani ya wiki chache. Kwa binadamu, mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa mgonjwa zaidi ya nusu ya ini lake, na baada ya miezi michache la kwake linakaribia ukubwa wa kawaida, na kile kipande alichopewa mgonjwa nacho kinakua.

Lakini angalia safari ilivyokuwa ndefu. Daktari Thomas Starzl alipojaribu kumpandikizia binadamu ini kwa mara ya kwanza huko Denver mwaka wa 1963, mgonjwa wake, mtoto mdogo, alivuja damu hadi akafa wakati wa upasuaji. Ilibidi wangoje hadi 1967 kumpata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Kutoa kipande kwa mtu aliye hai kulifaulu 1989 huko Brisbane, Australia, mama alipompa mwanawe sehemu ya ini lake. Yaani miaka 26 kutoka jaribio la kwanza, na hapo tunazungumzia watu waliokuwa wamebobea, wenye hospitali kubwa na pesa za utafiti.

Sasa masharti. Kwa kawaida, ini linapokua tena kazi hiyo hufanywa na seli zake za kila siku, zile zile zinazochuja sumu na kutengeneza nyongo. Zinajigawa tu. Na zinafanya hivyo vizuri kama ini lenyewe ni zima. Ukiwa na sirosisi, ini limejaa makovu kama ngozi iliyoungua mara mia. Damu haipiti vizuri, seli zimebanwa, na ule uwezo wa kukua umechoka. Ndio maana mpasuaji anapotaka kukata kansa anapiga hesabu mbili: nitaondoa kiasi gani, na kitakachobaki kitatosha kumweka mtu hai? Ini zima linaweza kuvumilia kubaki robo au theluthi. Lenye makovu halivumilii.

Upandikizaji unatatua yote mawili kwa pamoja, unaondoa uvimbe na makovu. Ila nao una mpaka. Mwaka wa 1996, kundi la madaktari wa Milan, Italia, likiongozwa na Vincenzo Mazzaferro, lilionyesha kwamba wagonjwa wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu na kila mmoja hauzidi sentimita 3, wanaweza kupandikizwa na asilimia 75 wakawa hai baada ya miaka minne. Hiyo ni habari njema sana. Hadi leo hospitali nyingi duniani zinaanzia hapo. Lakini soma tena hizo sentimita. Uvimbe wa ukubwa huo mara nyingi hauumi. Utaupata tu kama kuna mtu aliyekuwa anautafuta.

Sisi tunafika saa ngapi?

Hapa ndipo roho inauma. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulifuatilia wagonjwa wa kansa ya ini katika nchi kadhaa za Afrika. Misri, ambako wagonjwa wengi walikuwa na virusi vya hepatitisi C na walikuwa wakifuatiliwa, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10 baada ya kugunduliwa. Katika zile nchi nyingine za Afrika zilizochunguzwa, wastani huo ulikuwa miezi miwili na nusu. Miezi miwili na nusu, buda. Hata muda wa kupata pasipoti na kuchangisha nauli ya India hautoshi.

Na umri? Misri wagonjwa walikuwa karibu miaka 58. Kwingineko karibu 46. Huyo si mzee wa kijiji. Huyo ni baba ya mtu aliye sekondari, mama ambaye bado analipa karo.

Kwa nini vijana hivyo? Mtaani jibu liko tayari: pombe. Ukisikia mtu ana ini, watu wanaangaliana, "alikuwa anapiga sana huyo." Pombe inaharibu ini, hilo halina ubishi, na wale wa keg na chang'aa mnajijua. Lakini Afrika kusini mwa Sahara, mkosaji mkuu wa kansa ya ini ni kirusi, hepatitisi B, na wengi hukipata wakiwa watoto kabla hata ya kujua pombe inanukaje. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya asilimia 5, wengine wote mwili unakifukuza. Kwa hivyo aliyeugua kansa akiwa na 46 pengine alikuwa amebeba kirusi kwa miaka 46, bila dalili, bila kujua, na bila kosa lolote lake.

Seli shina zimefika wapi?

Turudi kwa ile video. Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kuwa damu, misuli, neva, kutegemea ni za aina gani na zimeelekezwa vipi. Mwaka wa 2006, Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, aligundua jinsi ya kuchukua seli ya kawaida ya panya na kuirudisha nyuma hadi iwe kama seli ya mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Alipewa Tuzo ya Nobel 2012. Na 2013, kundi la Takanori Takebe huko Yokohama likatumia seli kama hizo kukuza vichipukizi vidogo vya ini, vikawekwa ndani ya panya na kuunganika na mishipa yake ya damu.

Hiyo ni noma, sitakataa. Lakini kichipukizi ni cha milimita chache. Ini lako lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, lina mishipa, lina mirija ya nyongo, lina mamia ya kazi. Kutoka hapo hadi hapa kuna barabara, na bado inachongwa.

Wapo waliojaribu njia fupi: kuchukua seli za mgonjwa mwenyewe na kuzirudisha mwilini. Uingereza walilipima hilo vizuri. Wagonjwa 81 wa sirosisi waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida tu, la pili lilidungwa dawa ya kuamsha seli shina kutoka kwa uboho, la tatu likapewa dawa hiyo pamoja na kurudishiwa seli zenyewe. Matokeo yalichapishwa 2018. Waliopewa seli hawakupata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na madhara yalikuwa mengi zaidi kwao.

Ngoja nieleze kwa nini hilo kundi la huduma ya kawaida ni muhimu, maana ndilo linakosekana kwenye kila ushuhuda wa mtandaoni. Mgonjwa wa sirosisi akienda kliniki yoyote, kuna mambo yatafanyika. Ataacha pombe. Maji ya tumboni yatatolewa. Atapewa dawa na lishe. Wiki mbili baadaye anahisi fiti. Akiwa amedungwa seli za laki kadhaa wakati huo huo, sifa zote zitaenda kwa seli. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua kilichomsaidia ni kipi. Aliyekwenye video analijua hilo vizuri sana.

Utafiti haukufa hapo. Pittsburgh, Marekani, kampuni moja iliyotokana na kazi ya mtafiti Eric Lagasse inajaribu kupandikiza seli za ini ndani ya tezi za limfu, ili zikue ziwe kama vijini vidogo vya kumsaidia mgonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa jaribio hilo alidungwa 2024. Wazo ni tamu: ini moja lililotolewa linaweza kugawiwa watu wengi. Lakini hilo ni jaribio la hatua za mapema, lenye wagonjwa wachache wanaofuatiliwa kwa karibu. Marekani penyewe hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wa ini. Sasa mtu wa namba ya simu ameitoa wapi?

Na kuna mtego mwingine mle ndani ya tangazo. Wanaweka sirosisi na kansa kwenye sentensi moja kana kwamba ni tatizo moja. Sirosisi ni upungufu: seli nzuri zimekwisha, makovu yamejaa. Kansa ni kinyume: seli zinajigawa bila breki. Mtu akikuambia ana kitu kinachochochea seli kujigawa, na anataka kukidunga ndani ya mwili wenye kansa, swali la kwanza linafaa kuwa kitachochea seli zipi. Watafiti wenyewe wanaogopa hilo, ndio maana wanaenda polepole.

Ukipelekewa dili

Kwa hivyo jamaa yako akiletewa hiyo dili, usianze kwa kumbishia. Mtu anayeogopa kufa hahitaji mhadhara. Muulize tu maswali manne, mkiwa mmekaa.

Je, hii ni tiba au ni jaribio? Kama ni jaribio la dawa hapa Kenya, linapaswa kuwa limeidhinishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na liwe limepitia kamati ya maadili. Waombe namba ya idhini, mpige simu mhakikishe.

Nani analipa? Katika majaribio halali, kwa kawaida mshiriki hauziwi kile kinachojaribiwa. Ukiombwa malipo ya awali ya mamilioni ndio ufanyiwe utafiti, wewe si mshiriki. Wewe ni mteja.

Seli ni za nani, zimetolewa wapi, zinadungwa wapi? Jibu likiwa ni maneno matamu bila maelezo, ondokeni.

Na la mwisho, matokeo yamelinganishwa na nini? Picha za kabla na baada si matokeo.

Silaha ambayo tayari tunayo

Sasa sehemu ambayo haina mashine za kuwakawaka. Julai 1984, Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya hepatitisi B. Nchi ile ilikuwa imejaa kirusi hicho. Mwaka wa 1997 watafiti walichapisha walichokiona: kansa ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Karibu nusu. Kwa mara ya kwanza chanjo ilikuwa imeonyeshwa kupunguza kansa kwa binadamu. Hakuna aliyeuza shamba.

Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo kati ya 2001 na 2002, ikiwa ndani ya ile sindano inayokinga magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Piga hesabu yako. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, wewe na mimi tulirukwa. Hatukukatazwa, tulitangulia tu kuzaliwa.

Na hata kwa wanaokuja nyuma yetu kuna pengo. WHO inataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati huo. Ripoti ya shirika hilo ya Aprili 2024 ilisema barani Afrika ni asilimia 18 tu ya watoto wanaopata dozi hiyo. Ukianza wiki ya 6, umempa kirusi mwezi mmoja na nusu wa kutangulia. Ripoti hiyo hiyo ilisema watu milioni 254 duniani waliishi na hepatitisi B sugu mwaka wa 2022, na ni asilimia 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajua.

Unajua kijana wa Kenya hupimwa lini? Kuna wengine hupimwa kwa mara ya kwanza wakitafuta kazi Ghuba. Saudia, Qatar na majirani zao hutaka vipimo vya wafanyakazi, na hepatitisi B imo. Karatasi ikirudi imeandikwa huwezi kwenda, ajenti anageukia mwingine kwenye foleni. Umekosa kazi, umebeba jina la ugonjwa, na pengine hakuna aliyekuambia kwamba huo ndio ujumbe muhimu zaidi utakaopokea kuhusu afya yako. Kwa sababu ukishajua, kuna la kufanya. Dawa ya tenofovir, ambayo pia hutumika kwa wanaoishi na HIV, hukandamiza kirusi na kupunguza hatari ya kansa kwa wale wanaoihitaji. Walio kwenye hatari hupigwa ultrasaundi kila miezi 6, ili uvimbe ukitokea upatikane ukiwa zile sentimita za Milan, wakati kisu cha mpasuaji bado kina kazi.

Kuna jambo la pili, na hili liko kwenye sahani. Aflatoksini ni sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Tunaikumbuka kwa 2004, Ukambani, watu 317 walipougua na 125 kufa. Hiyo ilikuwa dozi kubwa ya ghafla. Dozi ndogo ya kila siku haikuangushi leo. Inachezea vinasaba vya seli za ini polepole. Utafiti uliofanywa Shanghai ulikuta kwamba aliyekumbana na aflatoksini pekee alikuwa na hatari ya kansa ya ini mara 3 hivi zaidi, mwenye hepatitisi B pekee mara 7, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Soma hizo namba ukikumbuka kwamba ugali ndio chakula chetu. Novemba 2019, shirika la viwango KEBS lilisimamisha chapa tano za unga kwa ajili ya sumu hiyo. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yakazuiwa mpakani kwa sababu hiyo hiyo. Kila mara kelele zilikuwa za bei na za siasa za majirani. Ini halikutajwa sana.

Basi nikiulizwa pesa za umma ziende wapi, sitasema tusitishe utafiti wa seli shina. Utafiti uendelee, na siku moja nataka kuona maabara za Kenya ndani yake. Lakini kila mtoto anayezaliwa hospitalini apate dozi ndani ya saa 24. Kila anayepimwa kwa ajili ya Ghuba akipatikana na kirusi aelekezwe kliniki, asirudishwe tu nyumbani. Mashine za kukausha mahindi ziwafikie wakulima kabla ya mvua, si baada ya msako wa unga madukani. Hizo si ndoto. Ni bajeti tu, na ni maswali unayoweza kumuuliza mgombea anapokuja na fulana.

Na wewe mwenyewe, kama ulizaliwa kabla ya 2002, kipimo kinaitwa HBsAg. Ni tone la damu. Pima kwanza, kwa sababu kama ulikipata utotoni chanjo haitakiondoa, unahitaji daktari. Ukiwa huna, omba chanjo, sindano tatu ndani ya miezi 6, na dozi zote tatu hazifiki bei ya simu mpya. Kirusi hiki hupita kwa damu, kwa ngono bila kinga, kwa wembe na sindano za kuchangia, hata za tatuu. Hakipiti kwa kula pamoja wala kusalimiana, kwa hivyo ukijua rafiki yako anacho, msitenganishe sahani. Mwambie akumbuke ultrasaundi yake, na kama anaogopa kwenda pekee yake, mpeleke.